Upepo Nilioazima Nyamahanga

Baba yangu mdogo alisema sitaweza. Alisema msibani, mbele ya watu, mahali ambapo kijana hajibu. "Mtu aliyeshindwa kusimamisha banda la mbuzi, atasimamisha nyumba ya kupuriza?" Alitaka kusema kupuliza, lakini kwetu Mbuba l na r hubadilishana viti bila ugomvi, na jina likaninasa hapo hapo: Bwana Kupuriza. Mwalimu wangu wa darasa la saba alisema hema litasimama ila mimi ndiye nitakayeanguka. Shemeji yangu, ambaye ni mtu wa huruma, alisema tu kwamba hajawahi kusikia mtu aliyelishwa na kazi ya kutunza hewa.

Nimestaafu sasa. Baba mdogo ametangulia mbele ya haki, na alitangulia akijua kwamba alikosea, maana nilimkumbusha kila Krismasi.

Ninyi mliobaki stoo mmeniomba niandike jinsi tulivyotunza mahema ya upepo miaka ile ya wakimbizi, kwa sababu mmeletewa mapya na mawili yameshapasuka. Nitaandika. Kuhusu vyeo sitasema kitu. Vyeo vyangu mnavifahamu, na asiyevifahamu aje sebuleni kwangu, vimetundikwa ukutani kwa mpangilio mzuri.

Nilirudi Ngara kutoka Mwanza nikiwa na diploma ya ufundi wa majokofu. Hakuna mjomba aliyenisomesha wala padri. Nilijisomesha mwenyewe kwa kuuza mayai ya kuchemsha kituo cha mabasi, na hadi leo naweza kumenya yai kwa mkono mmoja huku nikisoma kwa mwingine. Siku ya kwanza nilipofika kwenye lango la shirika la kuhudumia wakimbizi kuomba kazi, karani aliniuliza shida yangu nikamjibu kwa fahari kwamba nimerudi nyumbani. Miaka ile neno kurudi lilikuwa na foleni yake. Karani akaninyooshea mkono kwenye mstari wa wakimbizi waliokuwa wakisubiri lori la kuwarudisha kwao ng'ambo ya mpaka, na kabla sijaifungua bahasha ya diploma nilikuwa nimeshapewa blanketi na jagi la plastiki. Blanketi walilichukua baadaye. Jagi ninalo.

Aliyenitoa kwenye mstari ule ni Bwana Anselmi, mkuu wa stoo na magari, Mhaya wa kutoka Bukoba aliyezungumza kana kwamba kila sentensi inarekodiwa. Aliisoma diploma yangu pande zote mbili, ingawa upande wa nyuma haukuwa na kitu.

"Majokofu," alisema. "Sisi tuna mahema."

"Jokofu ni nini, bwana," nikamwambia, "kama si hewa iliyofungiwa ndani ya bomba? Na haya mahema yenu mapya ni nini?"

Akanirudishia diploma. Nadhani alikuwa hajawahi kukutana na jibu la namna hiyo kutoka kwa mtu aliyeshika jagi.

Mahema yenyewe yalikuwa matatu, madogo, ya kubebwa mgongoni. Shirika lilikuwa limeyapata kwa ajili ya kliniki ya kutembea kwa miguu, kwa sababu upande wa Biharamulo kulikuwa na familia nyingi zilizotawanyika mbali na barabara, wenyeji, wahamiaji wa kutoka Shinyanga na Mwanza, na watu waliotoka ng'ambo ya mpaka miaka ya nyuma wakabaki, na wakati wa masika gari haliwafikii. Hema halikuwa na fito. Mahali pa fito palikuwa na mbavu za mpira, unazijaza upepo kwa pampu ya mguu, hema linanyanyuka lenyewe kama ng'ombe anayeamka. Ndani walienea watu wanne wenye adabu.

Bwana Anselmi hakuyaamini. Yeye aliamini turubai na miti. Akaniwekea sharti mbele ya wafanyakazi wote: nitatembea na nesi masika yote, na hema lazima lisimame kila kituo. Likishindwa mara moja tu, mahema yote yanarudishwa yalikotoka, kliniki ya miguu inafungwa, akina mama wa kule ndani watatembea na watoto mpaka barabarani kama zamani. "Na wewe," akamalizia, "utarudi Mbuba ukapulizie migomba."

Aliyenifundisha kazi ni Mama Speciosa, mtunza stoo, aliyekuja kutoka Burundi akiwa mtoto mgongoni na hakuwahi kunyamaza tangu hapo. Sauti yake ilisikika mpaka kwenye matangi ya maji. Kanuni zake ninawaandikia kama alivyozisema, kwa sababu nilijaribu kuziboresha nikashindwa, na mimi sishindwi ovyo.

Kwanza, hema halitandikwi mahali pazuri, hutandikwa mahali palipopapaswa. Piga magoti, papasa ardhi yote kwa viganja. Jicho halioni kisiki cha muhogo kilichokatwa chini, lakini mpira wa hema utakiona. Ukimaliza kupapasa, tandika turubai kuukuu kwanza, ndipo hema. Pili, usipulize kwa mdomo hata ukisifiwa mapafu. Mate huingia ndani, mpira unaota ukungu, na baada ya mwezi hema lako linanuka kama kinywa cha mlevi. Tatu, jua la mchana hutanua upepo. Ukijaza asubuhi likawa gumu kama ngoma, saa sita litapasuka, kwa hiyo punguza kidogo jua linapopanda, ongeza jua linaposhuka. Mbavu iliyojazwa vizuri ukiibonyeza kwa gumba inabonyea kama shavu la mtoto aliyeshiba. Mtoto mwenye njaa, ongeza. Ngumu kama goti, punguza.

Likivuja, usilisikilize kwa sikio. Paka povu la sabuni, litakuonyesha lenyewe kwa kububujika. Kausha, kwangua kwa msasa, paka gundi pande zote mbili, subiri mpaka gundi isinate kidoleni, ndipo ubandike kiraka. Wengi wenu hamsubiri. Najua, nimeviona viraka vyenu. Kulikunja, anzia mbali ukielekea kwenye valvu, lile tundu la kuingizia upepo, polepole, ukitoa upepo wote. "Usilikunje kama shati," alikuwa akinifokea, "likunje kama unamviringisha mtoto wa mwenzio kwenye khanga." Na usiliweke karibu na gunia la mahindi, kwa sababu panya hatofautishi.

Nesi niliyetembea naye alikuwa Veneranda, mwanamke mfupi aliyebeba sanduku baridi la chanjo begani kama mkoba wa kwenda kanisani. Mimi nilibeba hema, pampu, turubai na vyombo vyangu. Tulipita Runazi, tukasimamisha hema uwanjani mwa shule, likasimama. Tukaenda vituo vingine, likasimama. Mbuzi alilamba mbavu moja kwa ajili ya chumvi ya jasho langu, nikamfukuza, likasimama. Masika ilikuwa imebakiza wiki chache, na mimi tayari nilikuwa nimeanza kutunga maneno ya kumwambia baba mdogo. Ndipo tukafika Nyamahanga.

Pale watu wengi walikuwa hawajawahi kuona hema la namna ile, na mwenyekiti wa kitongoji akaniomba nieleze kabla ya kazi kuanza. Akina mama walikuwa wamekaa chini na watoto wao. Wanaume walisimama nyuma wakiegemea baiskeli, maana Nyamahanga mwanaume bila baiskeli ni kama jembe bila mpini. Mzee Masanja, mfugaji wa kutoka Shinyanga, alikuwa amefika na mkokoteni wa maksai wawili na kufunga baiskeli yake juu ya mkokoteni, kwa heshima. Mkutano wa namna ile haumpati mtu mwenye diploma kila siku. Niliamua kusema Kiswahili cha darasani.

Mnafahamu kwamba upepo ukiwa mmoja ni upepo, na zikiwa nyingi ni pepo. Hema lilikuwa na mbavu nne. Kwa hiyo nilisimama wima nikasema: "Ndugu wananchi, nyumba hii haina mti wala msumari. Husimama kwa nguvu za pepo ambazo mimi mwenyewe nimeziingiza asubuhi ya leo kupitia tundu hili."

Sarufi ilikuwa sahihi. Bado ni sahihi. Lakini kwa watu wa pale Kiswahili ni lugha ya shule na soko, na sokoni neno pepo lina maana moja tu, nayo si hewa. Akina mama wakainuka wote kwa pamoja, kama kuku walioona kivuli cha mwewe. Bibi mmoja akaniuliza kwa upole hizo pepo nimezitoa kwa nani. Nikamjibu, kwa nia ya kumtuliza, kwamba hazina mwenyewe, ziko kila mahali, hata yeye anazo kifuani. Hapo tukapoteza mstari wa mbele.

Nesi Veneranda alitoa kichwa nje ya hema, akaona uwanja mtupu na watu wamejikusanya mbali. "Bwana Deo," akasema, "umewaambia nini?"

"Nimewaeleza jinsi linavyofanya kazi."

"Basi waeleze tena, ila usieleze."

Sikupata nafasi. Mchungaji Elia, aliyekuwa na kanisa la nyasi pale mlimani, mtu mrefu mwenye koti lisilovuliwa, alikuwa ameshaitwa. Sikumzuia, kwa sababu nilidhani ataomba tu, na maombi hayatoboi mpira. Alizunguka hema mara kadhaa akilikemea. Aliamuru pepo zitoke. Hazikutoka. Akauliza ziliingilia wapi, na wasikilizaji wangu, ambao kumbe walinisikiliza vizuri sana, wakamwonyesha tundu. Mchungaji akashika kifuniko cha valvu, akapaza sauti kwamba zitoke kwa njia ile ile ziliyoingilia, akakivuta.

Zikatoka. Nimefanya kazi na hewa maisha yangu yote, na sijasikia tena mluzi wa namna ile. Valvu ile ndiyo iliyounganisha mbavu zote nne, na hema likashuka polepole juu ya Nesi Veneranda kama nguo juu ya kamba iliyokatika. Uwanja wote ukasema amina. Maksai wa Mzee Masanja hawakusema amina, wao waliusikia mluzi wakajua ni nyoka, wakarudi nyuma, na mmoja wao akaikanyaga pampu yangu kwa kwato la nyuma. Ikawa bapa kama chapati.

Hapo ndipo nilipokuwa. Nesi alikuwa akijikwamua chini ya hema huku sanduku la chanjo likiwa juu ya kichwa chake. Wingu la mvua lilikuwa limekaa juu ya kilima upande wa Runazi, jeusi, na mvua ile ingekuja kabla ya saa nane. Nesi hachanji watoto kwenye mvua, na chanjo haingengoja kesho, barafu ilikuwa inakwisha. Na Bwana Anselmi alikuwa ametuma habari kwamba barabara imekauka kidogo, atajaribu kufika alasiri hiyo ajionee mwenyewe. Fundi baiskeli wa kitongoji, mwenye pampu pekee, alikuwa Runazi sokoni, nayo pampu yake.

Mchungaji Elia ndiye aliyeniokoa bila kukusudia. Aliwatangazia watu kwamba hema sasa ni safi, mtu yeyote anaweza kuingia. Akina mama wakarudi, wakaketi. Yaani hofu ilikuwa imekwisha, watu walikuwa tayari, kilichokosekana ni hema.

Nikawatazama wanaume. Nikatazama baiskeli. Wenye diploma ya kilimo wangekata miti. Mimi nilijua kwamba tairi la baiskeli limebana upepo kwa msukumo mkubwa kuliko mbavu ya hema, na kwamba hewa, kama maji, hukimbia kutoka penye msukumo mkubwa kwenda penye mdogo. Nililisoma hilo kwenye majokofu, ukurasa wenye picha. Nikamwomba nesi mrija wa dripu, nikachomeka upande mmoja kwenye valvu ya tairi, upande wa pili kwenye valvu ya hema.

Ila kwanza niliomba. Nilisema, safari hii kwa Kiswahili cha sokoni, kwamba naazima upepo, kwa umoja, upepo mmoja mmoja kwa kila mtu, na nitaurudisha.

Wanaume wakazishika baiskeli zao. Mtu wa Nyamahanga atakuazima jembe, ng'ombe, hata shamba la msimu. Upepo hakuna aliyewahi kuombwa. Hatimaye Mzee Masanja, nadhani kwa sababu ya kwato la maksai wake, alishusha baiskeli yake kutoka kwenye mkokoteni.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia, maana kwenye haraka ile nilikuwa sijamsalimu.

"Marahaba. Upepo wangu utarudi?"

"Utarudi, mzee."

"Tairi la mbele, huo ni upepo wa Shinyanga. Niliujaza nyumbani siku tuliyohama, na sijawahi kuongeza. Nauazima, siutoi."

Nilipochomeka mrija, mbavu ya kwanza ilishtuka, ikavimba kidogo. Walipoona hivyo, wengine wakaja. Ukawa ushindani. Kila mmoja alitaka watu waone tairi lake linavyonyanyua. Mmoja alinyoosha kidole kwenye pembe ya hema akidai ile ni yake. Kabla sijamaliza baiskeli zote za mbele, hema lilikuwa limepiga magoti, na liliponyanyuka kabisa walipiga vigelegele hata wanaume. Mbavu zilikuwa bado kama shavu la mtoto mwenye njaa. Mchungaji Elia akakohoa, akasogeza baiskeli yake, ya kanisa, akasema kwa sauti ya chini kwamba huo wa kwake umeombewa tayari.

Mvua ilinyesha. Watoto walichanjwa ndani, watu wanne wenye adabu kwa zamu, na wengine kumi nje wakijikinga chini ya turubai la wenyeji. Alasiri gari la Bwana Anselmi likafika likiwa limepakwa tope mpaka madirishani. Akashuka, akazunguka hema, akabonyeza mbavu kwa gumba. Shavu la mtoto aliyeshiba. Kisha akageuka, akaona mstari wa baiskeli zilizoegemea ukuta wa ofisi ya kitongoji ambayo ilikuwa haijaezekwa, zote zimekaa kwenye rimu.

"Hizi baiskeli zimepatwa na nini?"

Nesi Veneranda hakuinua kichwa kutoka kwenye paja la mtoto. "Zimechangia damu, bwana. Zinapumzika."

Bwana Anselmi akarudi kwenye gari lake. Nilitazama tairi lake la akiba kwa jicho la fisi, lakini alikuwa mtu wa kuangalia macho, akakaa karibu nalo. Kabla ya kuondoka alisema mahema yatabaki. Hakusema nami nitabaki, lakini aliniachia nafasi kwenye gari, na kwa Mhaya hiyo ni hotuba.

Mngedhani imeishia hapo. Fundi baiskeli alirudi kutoka Runazi jioni ile ile na pampu yake nzima. Lakini wenye baiskeli walimkatalia. Walisema upepo umeazimwa na Bwana Deo, na deni hulipwa na aliyeazima. Wakizijaza kwingine, nitasema nini nikirudi, kwamba sidaiwi? Kwa hiyo walizisukuma. Walisukuma mahindi mpaka mashineni, walisukuma mke mjamzito mmoja akiwa ameketi kwenye kiti cha nyuma, walisukuma hadi kanisani. Habari ilinifikia Ngara kupitia Mama Speciosa, aliyenisomea ujumbe wao kwa sauti ya kufikia matangi ya maji: kitongoji kizima kinatembea kwa miguu kwa msimamo.

Niliomba pampu ofisini. Bwana Anselmi akasema shirika halikuazima upepo wa mtu yeyote. Mama Speciosa akafungua kabati, akatoa pampu mpya ya mguu, akasema pampu inakwenda kujaribiwa, na pampu hujaribiwa penye baiskeli.

Nilifika Nyamahanga na nesi siku ya kliniki iliyofuata, na mbele yangu walikuwa wameshapanga mstari, kila mtu na baiskeli yake, kama siku ile. Nilijaza moja baada ya nyingine. Waliodai riba niliwajazia mpaka tairi likalia kama ngoma, nikawaonya kuhusu jua la saa sita. Mchungaji Elia alikataa riba, akasema hiyo ni dhambi, kisha akabonyeza tairi lake kwa kidole, akasema niongeze kidogo tu.

Akabaki Mzee Masanja. Nilijaza tairi la nyuma, akalikubali. La mbele aliliwekea mkono juu.

"Huu wa pampu ni wa Ngara," akasema. "Wangu ulikuwa wa Shinyanga. Uko humo," na akaonyesha hema, ambalo nilikuwa nimeshalisimamisha kwa pampu hiyo hiyo.

Ninyi mngebishana naye. Mngemwambia kwamba ule wa Shinyanga ulitoka siku ile ile tulipolikunja, na umeshafika Ziwa Viktoria. Mimi nilitoa mrija wa dripu, nikauchomeka kwenye valvu ya hema, na upande wa pili kwenye tairi lake la mbele. Nilijua utaingia kidogo tu, mpaka msukumo ulingane, kisha utakoma. Ukaingia kidogo. Ukakoma. Tairi likainuka kutoka kwenye rimu, laini kama mdomo wa mtu anayetaka kusema. Kisha nikachukua pampu, nikaongeza juu yake mpaka likawa gumu.

Mzee Masanja alilibonyeza. Akalizungusha. Akasikiliza.

"Wangu uko chini," akasema, "wako uko juu."

"Ndivyo, mzee."

"Basi wa kwako nauazima," akasema, akapanda baiskeli yake, akateremka kilima akipiga kengele njia nzima, na mimi nikabaki pale, mtu asiyedaiwa hata pumzi moja wilaya nzima ya Biharamulo, na anayedai.